Uchambuzi: Upele wa kambini hauponi kwa ziara ya siku moja, wanafunzi wa udaktari Bunia wanaweza kufanya nini?

Habari zinazotoka mkoani Ituri kila wiki ni za mashambulizi, vijiji vilivyochomwa na watu waliokimbia. Tangu Mei 2021 mkoa huo, pamoja na Kivu Kaskazini, umewekwa na Rais Félix Tshisekedi chini ya hali ya dharura ya kijeshi, lakini makundi ya CODECO na ADF yameendelea kuua raia. Mamia ya maelfu ya watu wameyaacha mashamba yao ya Djugu, Irumu, Mambasa na Mahagi.

Kuna taabu nyingine ambayo haiingii kwenye taarifa hizo. Ni ya mtoto anayejikuna usiku kucha ndani ya hema, na mama anayemlaza pembeni yake huku naye akiwashwa. Maradhi ya ngozi hayaui haraka kama malaria au kipindupindu, kwa hiyo husukumwa nyuma ya foleni. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba watu bilioni 1.8 duniani wana tatizo la ngozi kwa wakati wowote ule, na kwamba matatizo hayo ni miongoni mwa sababu kubwa zinazowapeleka watu kwenye zahanati katika nchi maskini.

Mei 2025 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani mjini Geneva ulipitisha azimio linalotambua maradhi ya ngozi kuwa jambo la kupewa kipaumbele katika afya ya umma. Nchi za Afrika Magharibi, zikiwemo Côte d'Ivoire, Nigeria na Togo, zilikuwa mstari wa mbele kulidai. Azimio likishapita Geneva, linalobaki ni kujua nani atalitekeleza mahali kama Bunia.

Jibu moja linalotajwa mara nyingi ni wanafunzi. Katika vyuo vikuu vya Marekani, Uingereza na sehemu za Afrika, wanafunzi wa udaktari wameunda vikundi vya wale wanaopenda fani ya ngozi. Hukutana kujadili picha za wagonjwa, huwaalika madaktari bingwa, hutembelea shule, hupima watu bure siku za mapumziko na hugawa mafuta ya kukinga jua. Bunia ina Chuo Kikuu cha Bunia, UNIBU, na taasisi zinazofundisha wauguzi. Vijana wapo na wagonjwa wapo. Lakini kikundi cha aina hiyo kikiigwa kama kilivyo kutoka Chicago au London, kinaweza kuwaacha wagonjwa wa Ituri pale pale walipokuwa.

Madaktari wa ngozi ni wa kuhesabika

Madaktari bingwa wa ngozi nchini Kongo ni wachache, na wengi wao wako Kinshasa na kwenye miji mikubwa. Mtu wa Fataki au Komanda mwenye doa lisilopona hakutani nao. Anakutana na muuguzi wa kituo cha afya, muuza dawa wa mtaani au mganga wa kienyeji. Hao ndio madaktari wa ngozi wa Ituri, wapende wasipende.

Tatizo hili si la Kongo peke yake, na Afrika Mashariki ilishalitafutia dawa zaidi ya miaka 30 iliyopita. Mwaka 1992, katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, Tanzania, kilifunguliwa kituo cha kanda cha mafunzo ya maradhi ya ngozi kinachojulikana kwa kifupi RDTC. Waanzilishi wake hawakusubiri madaktari bingwa wapatikane. Walichukua matabibu na wauguzi waliokwisha kufanya kazi vijijini, wakawafundisha kwa miaka miwili maradhi ya ngozi, ya zinaa na ukoma, kisha wakawarudisha makwao. Wahitimu wa Moshi wametoka katika nchi nyingi za Afrika, na katika wilaya nyingi wao ndio wanaotegemewa hadi leo. Baadaye kituo hicho kilianza pia kufundisha madaktari bingwa.

Mali ilijaribu njia fupi zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mjini Bamako, wahudumu wa afya wa kawaida walipewa mafunzo ya muda mfupi kuhusu maradhi machache ya ngozi yanayoonekana kila siku. Sehemu ya wagonjwa waliotambuliwa na kutibiwa vizuri iliongezeka karibu maradufu, na gharama ya dawa walizoandikiwa ikapungua. Sababu yake haina siri: maradhi ya ngozi ni mengi kwa majina, lakini yanayojaza foleni ya zahanati ni upele, choa na punye, majipu na vidonda vya bakteria, na ukurutu. Anayeyajua hayo vizuri, na anayejua ni lini ampeleke mgonjwa mbele, ameshawafaa wengi.

Hapo ndipo kikundi cha wanafunzi wa Bunia kinapopata kazi ya kweli. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu si bingwa na hatakiwi kujifanya bingwa. Lakini anaweza kuyafahamu maradhi hayo matano au sita vizuri kabla hajaanza staji, na kesho atakuwa daktari pekee katika hospitali ya eneo la afya lenye watu zaidi ya laki moja.

Hesabu ya siku ya 14

Upele, ambao wakazi wengi wa Bunia huuita kwa Kifaransa gale, unaonyesha vizuri kwa nini nia njema haitoshi. Unaletwa na kimdudu kidogo kinachochimba vijia chini ya ngozi na kutaga mayai humo. Huenea kwa kugusana ngozi kwa ngozi, hasa pale watu wanapolala wamebanana. Mahema ya Kigonze, pembezoni mwa Bunia, na kambi nyingine za Djugu yana kila kinachohitajika na kimdudu hicho: familia kubwa, kitanda kimoja, maji machache na nguo za kubadilisha zisizotosha.

Mtu anayeambukizwa kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki nne hadi sita bila kuwashwa, huku tayari akiwaambukiza wengine. Hema la watu saba linapokuwa na mtoto mmoja anayejikuna, kumtibu mtoto huyo peke yake ni kazi bure. Atapona, kisha ataambukizwa tena na ndugu yake aliyeonekana mzima. Matibabu yanamhusu kila anayelala humo, siku moja, pamoja na nguo na mablanketi yao, ambayo yakikosa maji ya moto yanaweza kufungwa kwenye mfuko kwa siku tatu au zaidi ili wadudu wafe.

Na hata hapo kazi haijaisha. Dawa hupakwa au humezwa mara ya kwanza, halafu hurudiwa baada ya wiki moja hadi mbili, kwa sababu mayai yaliyosalia huanguliwa. Kikundi kinachofika kambini Jumamosi moja na makatoni ya dawa, kikapiga picha na kuondoka, kimetoa nusu ya tiba. Wadudu watarudi, na wenye hema watasema dawa za hospitali hazifai kitu.

Kwa hiyo kipimo cha mradi wa wanafunzi kisiwe idadi ya watu waliohudumiwa siku ya kwanza. Kiwe idadi ya wale waliofikiwa tena siku ya 14. Kipimo hicho kinabadilisha mpango mzima: mahema machache kuliko yaliyokusudiwa, orodha ya majina inayotunzwa vizuri, na makubaliano na wahudumu wa afya wa jamii, wale wanaoitwa RECO, ambao wanakaa kambini siku zote na wanajua nani amehama na nani amezaa.

Upele ukiachwa, madhara yake yanazidi kuwashwa. Mikwaruzo huingiwa na bakteria, na baadhi ya bakteria hao wanaweza kudhuru figo za mtoto. Mtoto asiyelala usiku hasomi mchana. WHO iliuingiza upele katika orodha yake ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa mwaka 2017.

Dawa ya watu wote, na onyo la misitu ya Kongo

Kuna njia iliyothibitishwa ya kuupunguza upele kwa haraka. Visiwani Fiji, watafiti waliwapa ivermectin watu wote wa jamii fulani, wagonjwa na wazima. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba sehemu ya watu wenye upele ilishuka kutoka asilimia 32 hadi chini ya asilimia 2 katika mwaka mmoja. Wataalamu waliokutanishwa na WHO walipendekeza njia hiyo ifikiriwe pale upele unapowapata watu 10 au zaidi katika kila 100.

Ituri inaifahamu ivermectin. Ni dawa ile ile inayogawiwa dhidi ya usubi, maradhi ya minyoo yanayoletwa na inzi wa mitoni, ambayo huharibu macho na pia huifanya ngozi iwashe, ikunjamane na kupata mabaka. Nyanda za juu za Ituri zimekuwa na usubi kwa muda mrefu, na watafiti wamechunguza huko uhusiano wake na kifafa cha watoto.

Lakini dawa hiyo si ya kugawa kiholela. Watoto wenye uzito chini ya kilo 15 na wanawake wajawazito hawapewi kwa kawaida. Zaidi ya hapo, katika misitu ya Kongo kuna mnyoo mwingine, Loa loa, na mtu aliye nao kwa wingi mwilini anaweza kupata madhara makubwa kwenye ubongo akimeza ivermectin. Ndiyo maana uamuzi wa kuwapa dawa watu wote ni wa mganga mkuu wa eneo la afya na idara ya afya ya mkoa, wenye ramani za maradhi hayo mikononi. Wanafunzi wanachoweza kuleta ni kile ambacho mara nyingi kinakosekana kabla ya uamuzi: hesabu ya kweli ya hema kwa hema inayoonyesha ni watu wangapi kati ya mia wana upele.

Kipele kinapokuwa mpox

Kongo ndiyo nchi ambako mpox iligunduliwa kwa binadamu kwa mara ya kwanza, mwaka 1970 mkoani Équateur. Mwaka 2023 aina mpya ya kirusi, inayoitwa Ib, ilitokea Kamituga, Kivu Kusini, ikasambaa hadi nchi jirani. Tarehe 14 Agosti 2024 WHO ilitangaza dharura ya afya ya kimataifa, na iliiondoa Septemba 2025. Kuondolewa kwa dharura hakumaanishi kwamba kirusi kimekwisha.

Kwa muuguzi wa kituo kidogo, tatizo la mpox linaanza na macho. Tetekuwanga, surua, upele ulioingiwa na usaha na mpox vinaweza kufanana kwa mtu asiyezoea. Zipo alama za kusaidia. Vipele vya mpox mara nyingi hufika kwenye viganja na nyayo, katika sehemu moja ya mwili hukomaa kwa pamoja, na tezi huvimba. Vya tetekuwanga huwa vya rika tofauti: kimoja kibichi, kingine kimekauka. Upele wa gale huwasha zaidi usiku na hupenda katikati ya vidole, viwiko na kiunoni. Hata hivyo alama hazimalizi ubishi, na sampuli ya maabara ndiyo inayotoa hukumu.

Hili linagusa usalama wa wanafunzi wenyewe. Kuchunguza ngozi ni kugusa, na mpox huenea kwa kugusa. Bunia haihitaji kukumbushwa gharama ya uzembe: mlipuko wa Ebola wa Kivu Kaskazini na Ituri, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, ulikuwa na wagonjwa 3,470 na vifo 2,287, na wahudumu wa afya walikuwa miongoni mwa waliougua. Mradi usio na glavu, maji ya kunawa na utaratibu ulioandikwa wa kumtenga na kumripoti mgonjwa anayeshukiwa, ungekuwa heri usianze.

Vitabu vyenye ngozi nyeupe

Kuna kikwazo kingine kilichoko darasani. Vitabu vingi vya udaktari vinavyotumika Afrika vimeandikwa Ulaya na Marekani, na picha zake nyingi ni za ngozi nyeupe. Mwanafunzi anasoma kwamba mahali palipovimba huwa pekundu, kisha anakutana na mgonjwa wa Bunia ambaye pale palipovimba ni peusi zaidi, au pana rangi ya kijivu au zambarau.

Mwaka 2020 Malone Mukwende, mwanafunzi wa udaktari mwenye asili ya Zimbabwe katika chuo cha St George's, London, alishirikiana na walimu wake kutoa kitabu cha mwongozo kinachoonyesha dalili za maradhi kwenye ngozi nyeusi. Kiliwekwa kwenye intaneti bure na kusomwa katika nchi nyingi. Mfano huo unaonyesha kwamba mchango wa mwanafunzi unaweza kudumu kuliko ziara ya siku moja. Bunia ina faida ambayo London haina: karibu kila mgonjwa anayeingia zahanati ana ngozi ambayo vitabu vimeisahau. Mkusanyo wa picha za maradhi ya Ituri, zenye maelezo kwa Kiswahili na Kifaransa, ungewafaa wauguzi wa Aru na Mambasa kwa miaka mingi.

Picha hizo lakini zina sheria yake. Mtu aliyekimbia vita bado ana haki ya kukataa. Lazima aulizwe kwa lugha anayoielewa, uso wake ufichwe, na ajue kwamba akikataa atatibiwa vile vile. Kambini, ambako watu wamezoea kupigwa picha na wageni ili misaada ije, kuuliza huko kunapaswa kufanywa kwa uangalifu zaidi.

Jua, krimu na soko

Kazi mbili nyingine hazihitaji hospitali. Ya kwanza ni ya watu wenye ualbino. Karibu na ikweta, chini ya jua la Ituri, saratani ya ngozi huwakuta mapema, wengi wakiwa bado vijana. Huko Moshi, kituo cha RDTC kilianza katika miaka ya 2010 kutengeneza mafuta ya kukinga jua yanayowafaa, yakagawiwa pamoja na kofia, mafunzo na uchunguzi wa mara kwa mara. Kinachostahili kuigwa hapo ni ule uchunguzi unaorudiwa. Chupa moja ya mafuta iliyotolewa tarehe 13 Juni, Siku ya Kimataifa ya Ualbino, inakwisha kabla ya Agosti. Kofia pana, shati la mikono mirefu, dawati la mtoto kutolewa dirishani na doa kuonyeshwa mapema vinamlinda mwaka mzima, na havina gharama kubwa.

Ya pili ni ya sokoni. Krimu za kujichubua, zenye haidrokwinoni, zebaki au steroidi kali, huuzwa katika miji mingi ya kanda hii pamoja na sabuni na mafuta ya kawaida. Krimu za steroidi hununuliwa pia kama dawa ya kila kipele. Zikipakwa juu ya choa, muwasho hupungua kwa siku chache huku ugonjwa ukitambaa chini yake, na daktari anapokuja kuuona umeshabadilika sura. Rwanda imepiga marufuku vipodozi vya aina hiyo na kuvikamata madukani. Nchi zilizo katika Mkataba wa Minamata nazo zilikubaliana mwaka 2023 kuviondoa vipodozi vyenye zebaki ifikapo 2025. Mipaka ya Mahagi na Aru iko wazi kwa biashara ya kila aina, kwa hiyo marufuku pekee haitatosha bila wanunuzi kuelezwa. Radio Candip na redio nyingine za Bunia zinasikika mbali kuliko kipaza sauti chochote cha kampeni.

Masharti ya kufaulu

Fedha za misaada zimepungua. Mwaka 2024 Marekani ilikuwa mfadhili mkubwa kuliko wote wa misaada ya kibinadamu nchini Kongo, na mwaka uliofuata serikali ya Donald Trump iliifuta USAID. Goma, iliyokuwa kitovu cha mashirika ya mashariki, iliangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na uwanja wake wa ndege ukafungwa. Katika hali hiyo kuna kishawishi cha kuwatwika wanafunzi mzigo ulioachwa na wengine. Hilo litakuwa kosa. Mwanafunzi hawezi kuziba nafasi ya daktari asiyelipwa mshahara, wala ya ghala lisilo na dawa.

Anachoweza kufanya kina mipaka, na mipaka hiyo ndiyo inayokipa thamani. Afanye kazi chini ya daktari aliyesajiliwa, kwa idhini ya mganga mkuu wa eneo la afya. Achague kambi moja au shule moja na airudie, badala ya kuzunguka kumi. Awe na njia ya kumpeleka mgonjwa mbele, hasa mwenye doa lililokufa ganzi, kwa kuwa huo unaweza kuwa ukoma, ambao dawa zake hutolewa bure na huzuia ulemavu zikianza mapema. Aende pamoja na wanafunzi wa uuguzi, maana ndio watakaobaki vijijini.

Liko pia jambo ambalo Ituri inalihitaji kuliko mikoa mingine. Darasa la udaktari la Bunia linaweza kuwaketisha pamoja vijana wa Kihema, Kilendu, Kialur, Kilugbara na Kinande. Wakati wa Ebola, timu za afya zilipokelewa kwa mashaka, na Novemba 2019 wahudumu waliuawa Biakato, Mambasa. Timu ya vijana mchanganyiko inayorudi hema lile lile baada ya wiki mbili, ikiwa na majina ya watu na lugha yao, haitamaliza vita vya Djugu. Lakini inajenga imani taratibu, na imani hiyo itahitajika siku ambapo kipele kitakachoonekana hakitakuwa cha upele.

Kwa wakuu wa UNIBU na idara ya afya ya mkoa, uamuzi wa kuanzia hauhitaji mfadhili mkubwa: mwalimu mmoja wa kusimamia, saa chache za mafunzo ya ngozi kabla ya staji, kambi moja ya kufuatiliwa, na daftari. Daftari hilo likiwa na safu mbili, ya siku ya kwanza na ya siku ya 14, mkoa utajua mapema kama wanafunzi wanatibu watu au wanawatembelea tu.